Mchonga Plamu wa Orimoya

Siku hizi mtu hununua picha ya maua asijue ni maua gani, ilhali zamani, katika mtaa ule wa nyuma ya Daraja la Ryogoku, hata muuza tofu aliyepita na mzega begani alijua kutofautisha plamu na cheri, na ukimsimamisha angekuambia ni lipi kati ya hayo mawili ungeliachia ufunguo wa nyumba yako.

Heisaku alikuwa mchonga vibao wa nyumba ya picha ya Orimoya. Hakuwa mchoraji, na jina lake halikuwahi kuonekana kwenye pembe ya picha yoyote. Mchoraji alileta mchoro wake asubuhi akaenda zake kunywa. Mchongaji alibaki nao mwezi mzima, umebandikwa kifudifudi juu ya ubao wa mcheri wa mlimani, akiondoa kwa kisu na patasi kila kisichokuwa mstari. Kibao kimoja cha mistari myeusi, na kingine kwa kila rangi. Kisha mpiga chapa alipaka wino, akaweka karatasi, akasugua. Watu watatu walitoa jasho kwa picha moja, na sifa ikamwendea aliyetoa jasho kidogo kuliko wote.

Heisaku hakulalamikia hilo. Alikuwa mtu mfupi, mwenye shingo iliyopinda mbele kwa kazi, na alijiamini kama jogoo. Aliweza kuchonga nywele tano katika upana wa punje moja ya mchele, na ukimsifu alikutazama kana kwamba umemwambia maji yanalowesha. Alijifunza kwa Chobei, fundi mkali ambaye kwa miaka mitatu ya kwanza hakumpa ubao. Alimpa visu vya kunoa na mchele wa kuosha. Mwaka wa nne, mwezi wa pili, Chobei alimfungia matonge mawili ya wali akamtuma bustani ya Kameido, akae kutwa nzima akitazama plamu, asifanye lolote lingine. Aliporudi jioni na pua imekuwa nyekundu kwa baridi, Chobei akamuuliza petali ni ngapi. Tano, alisema. Ncha yake ikoje? Duara. Na ya cheri? Ina pengo, kama ukucha uliopasuka.

Chobei aliridhika, ndipo akamwambia jambo ambalo Heisaku alilibeba maisha yake yote.

"Watu wanasema cheri ndilo ua la uaminifu," alisema Chobei. "Linatoka hali ya hewa ikiwa nzuri, na upepo ukija linaanguka lote kwa pamoja. Basi cheri ni yule anayekufa siku moja na bwana wake. Watu wanamlilia, wanamtungia nyimbo. Lakini plamu linachanua theluji ikiwa bado iko begani mwa tawi. Plamu ni yule anayebaki kufagia uwanja."

Ilikuwa ni baada ya hapo tu alipompa kibao cha kwanza achonge peke yake, nacho kilikuwa kibao cha maua cha picha ya Mfagia Theluji.

Nitaieleza picha hiyo, maana leo huioni popote. Mlinzi mzee wa lango, katika nguo nzito ya pamba iliyochakaa, anafagia theluji mbele ya lango lililofungwa kwa mbao na kutiwa muhuri wa serikali. Bwana wake amekufa katika fedheha, watu wa nyumba wametawanyika, hakuna mgeni atakayekuja. Yeye anafagia. Juu ya ukuta, kutoka ndani ya uwanja ule mtupu, tawi la mplamu limejitokeza na maua sitini na moja. Basi, ni hayo tu. Vibao saba. Uso wa mzee na nywele zake vilichongwa na Chobei, kwa sababu kichwa ni kazi ya mkubwa. Maua yakachongwa na Heisaku. Nayo hayakuwa na mstari mweusi wa kuyazunguka. Yalikuwa rangi tupu, nyekundu hafifu, kwa hiyo umbo lake lote lilitegemea kibao kile kimoja.

Kwa zaidi ya miaka thelathini Orimoya iliuza picha hiyo kila mwisho wa mwaka. Baba alimnunulia mwanawe anayekwenda kuanza kazi. Mwenye duka aliibandika jikoni, ukutani, mahali ambapo watumishi wake waliiona wakila. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Waliliona tawi, wakamwona mzee, wakaelewa.

Kisha mwenye nyumba ya zamani akafariki, akaja mwanawe, Seinosuke, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Mdogo hata alipokwisha kuota mvi. Hakuwa mtu mbaya. Alivaa kofia ya kizungu na viatu vya mbao kwa pamoja, na alikuwa na haraka ya kila kitu. Mwaka wa vita na Uchina aliwachongesha mizinga na moshi hadi Heisaku akasema mkono wake umesahau kuwa duniani kuna nyasi. Picha za vita ziliuzwa kama maandazi ya moto. Vita vilipokwisha hazikuuzwa tena hata moja, na rafu za Orimoya zikajaa moshi usiokuwa na mnunuzi.

Katika hali hiyo ndipo ilipokuja oda kutoka Yokohama. Mfanyabiashara mmoja wa kigeni aliiona nakala ya Mfagia Theluji, akaipenda, akataka mia mbili kabla ya meli yake kuondoka. Ila alikuwa na sharti moja: alitaka maua yawe ya cheri. Kwao, alisema, watu wakisikia Japani wanataka cheri.

Bwana Mdogo alikuja mwenyewe hadi karakana, akachuchumaa kando ya meza ya Heisaku, jambo ambalo baba yake hakuwahi kulifanya. Alikuwa amekishika kibao cha maua.

"Mzee Heisaku, nina kazi ndogo sana," alisema. "Nimeuliza, nimeambiwa cheri na plamu tofauti yake ni pengo tu. Sasa we kwa kisu chako, kila petali unaitia pengo kidogo, tik, tik, tik. Mpaka saa sita umemaliza."

Heisaku alikipokea kibao, akakiweka mapajani, akakifunika kwa kiganja.

"Bwana Mdogo, ubao ukiutoa haurudi."

"Nani anataka urudi?"

"Cheri haichanui kwenye theluji."

"Kwenye picha inachanua. Kwenye picha hata samaki anaruka."

Heisaku alijaribu kumweleza habari ya mfagiaji na ya yule anayebaki. Bwana Mdogo alimsikiliza kwa adabu, akitazama saa yake ya mfukoni. Alipomaliza, akamwambia kwa sauti ya chini, bila hasira, kwamba kiwanda cha viberiti cha Honjo kinanunua vibao vya zamani, kinavipiga randa na kuchonga juu yake nembo za viberiti. Kama oda ya Yokohama haikupatikana, vibao vya Mfagia Theluji vitakwenda huko, vyote saba, pamoja na vingine. Akampa mpaka kesho.

Mtu asidhani kwamba kupigwa randa ni aibu katika kazi ile. Kibao kilichochoka hupigwa randa kikachongwa picha nyingine. Ndivyo ilivyokuwa tangu zamani, na Chobei mwenyewe alizifuta kazi zake nyingi bila kuhuzunika. Lakini vibao hivi vilikuwa havijachoka. Na sasa Heisaku aliwekwa njia panda: ayatie maua yake uongo ili yaishi, au ayaache na ukweli wake yafutwe. Uso wa yule mzee ulikuwa kazi ya mwisho ya Chobei iliyobaki mjini humo. Vibao vyake vingine vyote viliungua katika moto wa mtaa wa Kanda.

Mchana alikwenda kula tambi za soba na Mankichi. Mankichi alikuwa mpiga chapa, mtu mnene, mwenye viganja vigumu kama soli, na kwa miaka ishirini na sita wawili hao hawakuwahi kusemezana neno la heshima. Mankichi alimsikiliza huku akivuta tambi kwa kelele.

"Pasua," alisema.

"Unasema nini?"

"Pasua petali. Sasa we unataka tule nini, petali? Mimi nina wajukuu wanne na mke anayehesabu vikombe vyangu. Maua yako yapo kwenye karatasi, ndugu yangu, hayatakwenda kukushtaki."

"We umezoea kusugua tu. Hujui kilichoko chini ya karatasi."

"Nakijua kuliko wewe. We umekichonga mara moja, mimi nimekisugua mara elfu." Mankichi alinywa mchuzi uliobaki bakulini. "Mtu mwenyewe ni wa ng'ambo huko, hata mfagio hajui kuushika. Atajua plamu? Pasua, tuishi, tutukanane vizuri."

Heisaku alilipia bakuli lake mwenyewe, akaondoka. Hakuwa amekasirika. Njia nzima alikuwa anapima kitu kichwani, na alipofika karakana alikuwa ameshakipata.

Angeweza kuchonga kibao kipya. Kibao cha nane, cha cheri, kitumike kwa oda hii peke yake, na kile cha plamu kibaki rafuni bila kuguswa. Tatizo lilikuwa ubao. Mcheri wa mlimani uliokauka sawasawa hupatikana kwa kungojea miaka, na ghala la Orimoya lilikuwa limekombwa na mizinga. Katika karakana nzima kulikuwa na kipande kimoja tu cha mcheri chenye upana wa kutosha. Kilikuwa ni meza ya kuchongea ya Heisaku mwenyewe. Aliirithi kwa Chobei, naye Chobei alikuwa ameitengeneza kutoka gogo lile lile lililotoa vibao vya Mfagia Theluji. Pale mkono wa kushoto wa mchongaji unapoegemea palikuwa na bonde dogo, nusu limeliwa na Chobei na nusu na Heisaku.

Asubuhi, wenzake walipoingia, walimkuta amekwisha kuikata kwa msumeno.

Bwana Mdogo alikuja akasimama mlangoni akiangalia vipande. Akauliza kama mzee ameugua. Heisaku alimwambia cheri yake itakuwa tayari kwa siku tisa, na kile kibao kingine asikiguse mtu. Bwana Mdogo alipiga hesabu ya meli, akaona siku tisa zinatosha, akainua mabega akaenda.

Kwa siku hizo tisa Heisaku alichongea juu ya kasha la pombe ya mchele lililogeuzwa chini juu. Mankichi alipita kila asubuhi kumuuliza bei ya chupa. Heisaku aliendelea kuchonga. Alikuwa akifanya kazi nzuri, na alijua ni nzuri. Alichonga maua sitini na moja ya cheri, kila petali na pengo lake, mengine yakitazama mbele na mengine kando, na pembeni akachonga alama mbili ambazo mpiga chapa huegemezea karatasi, mahali pale pale hasa, kiasi kwamba usingeweza kupitisha unywele. Kama ni lazima aseme uongo, basi angeusema kwa ufasaha. Alikimaliza, akakiosha, akakipeleka kwa Mankichi.

Siku mbili baadaye nakala ya kwanza ilikuwa tayari. Bwana Mdogo aliita watu wote. Mankichi aliitoa karatasi ikiwa bado na unyevu, akaiinua kwa ncha za vidole. Theluji ilikuwa nyeupe kuliko karatasi yenyewe, mzee alifagia, muhuri wa serikali ulikuwa mwekundu langoni. Bwana Mdogo aliisogelea, akarudi nyuma, akaisogelea tena.

"Hapo sasa," alisema. "Umeona, mzee? Hiyo ndiyo cheri. Mara moja picha imechangamka."

Heisaku alikuwa ameiona kabla yake. Petali zote zilikuwa duara. Hapakuwa na pengo hata moja, kuanzia ua la kwanza lililogusa ukuta mpaka la mwisho kwenye ncha ya tawi. Alimtazama Mankichi, naye Mankichi akatazama dari.

Angeweza kunyamaza. Lakini alikuwa amekula wali wa nyumba ile miaka arobaini, na mtu aliyefundishwa plamu hawezi kumdanganya bwana wake juu ya plamu.

"Bwana Mdogo," alisema, "hayo siyo cheri. Hayo ni plamu. Ni kibao cha zamani."

Bwana Mdogo aliitazama picha tena, kwa makini, kwa muda mrefu. Kisha akacheka, akampiga Heisaku bega kwa upole kama unavyompiga babu yako.

"Mzee, bado unagombana tu? Meza yako nimeiona kwa macho yangu imekatwa vipande. Umekubali, umechonga, imependeza. Sasa acha moyo upoe."

"Ni duara. Tazama ncha."

"Naona ncha. Cheri kabisa." Akamgeukia Mankichi. "Endelea. Mia moja tisini na tisa zilizobaki, hivi hivi."

"Hivi hivi, Bwana Mdogo," alisema Mankichi, na akainama.

Alipoondoka, Heisaku alimfuata Mankichi mpaka kwenye mkeka wake. Kibao cha cheri kilikuwa kimeegemezwa ukutani, kikavu, bila doa la rangi.

"Ulisema pasua," Heisaku alimwambia. "Mbele ya bakuli la soba, kwa kinywa chako. Nimekata meza ya Chobei, we mnene, halafu hukukitumia?"

Mankichi alikuwa anakoroga rangi na uji wa wali, hakuinua kichwa.

"Nilikipaka mara moja nikajaribu kukiwekea karatasi," alisema. "Mkono ukakataa. Miaka ishirini na sita umezoea pale ni plamu, sasa ghafla uanze kusugua mapengo? Nikakiosha." Alikoroga tena. "Na wewe pia una matatizo. Mtu amekwisha kudanganyika vizuri, unakwenda kumwamsha?"

"Ni bwana wangu."

"Basi. Umemwambia, hakusikia. Niletee karatasi."

Kwa siku nne Mankichi alisugua nakala mia moja tisini na tisa. Zilisafiri Yokohama, zikapanda meli. Baada ya miezi michache ilikuja barua ya shukrani, na Bwana Mdogo aliisoma mbele ya wote kwa sauti ya ushindi: mteja amefurahi sana, anasema hajapata kuona cheri nzuri namna ile. Wenzake wakamtazama Heisaku, wakidhani atakasirika. Heisaku alinoa kisu chake. Nakala mia mbili za uaminifu zilikuwa zinaning'inia ng'ambo, na hapakuwa na mtu huko aliyezijua. Lakini hata hapa, nyumbani kwake, katika nyumba iliyozitoa, hapakuwa na aliyezijua isipokuwa wazee wawili wanaotukanana. Hilo ndilo lililomuuma. La kazi yake halikumuuma. Kazi yake ilikuwa sawa.

Oda ya pili haikuja. Baada ya majira mawili ya baridi Orimoya ilinunua mashine ya kupiga chapa kwa mawe, kubwa kama ng'ombe na yenye harufu ya mafuta, inayotoa kwa siku moja picha alizotoa Mankichi kwa mwezi, zote zikiwa na rangi za peremende. Vibao vikatolewa rafuni. Bwana Mdogo alimwita Heisaku, akamwambia, na alimaanisha, kwamba kabla gari la kiwanda cha Honjo halijafika achague kibao kimoja akichukue kiwe chake, ukumbusho wa kazi.

Vibao saba vya Mfagia Theluji vilikuwa vimepangwa sakafuni, na cha nane kando yake. Heisaku alipiga magoti. Alipapasa petali za plamu kwa kidole gumba, moja moja, mpaka akahakikisha hapakuwa na iliyopasuka. Kisha akakirudisha mahali pake katikati ya wenzake. Maua yasiyo na ukuta wake wala mzee wake yangekuwa madoa tu juu ya ubao, na vitu vilivyokaa pamoja miaka thelathini na zaidi yeye hakuwa mtu wa kuvitenganisha. Akachukua cha cheri.

"Umeona?" alisema Bwana Mdogo, akifurahi. "Mwishowe umeipenda."

Alikwenda nacho nyumbani, akakipigilia miguu minne, uso wa maua ukiwa chini, na mpaka alipoacha kazi alichongea juu ya mgongo wake. Chini ya mkono wake wa kushoto bonde jipya lilianza kujitengeneza.

Gari la Honjo lilifika mchana, siku ya manyunyu baridi. Mkokotaji alivifunga vibao kwa kamba ya majani ya mpunga, akakiacha cha maua juu ya vyote, uso ukiangalia mbingu, rangi nyekundu ya zamani bado imenasa kwenye mbao. Heisaku na Mankichi walilifuata gari kwa miguu bila kupatana, kila mmoja akijifanya anakwenda njia yake. Darajani Ryogoku mkokotaji alisimama, kwa sababu kamba ilikuwa inateleza juu ya maua. Alikifungua kibao cha juu, akakigeuza kifudifudi ili kamba ipate pa kushika, akakaza fundo kwa goti, akaokota mikono ya gari na kuvuka.